Kiporo cha Rock Ndani ya Boksi la Bei Mbaya: Kinunuliwe au Kipigwe Chini?

Mwaka 2021 albamu ya George Harrison, All Things Must Pass, ilirudi sokoni kwa mara nyingine. Albamu yenyewe ni ya mwaka 1970, enzi ambazo wazazi wa vijana wengi wa leo walikuwa hawajazaliwa au ndo kwanza wanatambaa. Safari hii kulikuwa na toleo moja la kifahari lililofungwa ndani ya kreti la mbao. Humo ndani: santuri nane, CD tano, Blu-ray moja, vitabu, shanga za kusalia, kipande cha mbao cha kuwekea alama kwenye kitabu kilichochongwa kutoka kwenye mti uliokuwa bustanini kwake, na vidoli vya Harrison akiwa na vile vijizee vya bustanini vinavyoonekana kwenye kava. Bei yake dola 999.98. Waliopanga bei hiyo walipata aibu ya senti mbili tu.

Kwa hela ya Tanzania hiyo ni zaidi ya milioni mbili. Kwa Kenya inavuka laki moja. Kuna watu wanalipia chumba mwaka mzima kwa pesa hiyo, na hapo mzigo haujasafirishwa wala haujapita forodhani. Na nyimbo zenyewe? Zipo kwenye simu, kwa bando la kawaida.

Huo ndio mchezo wa maboksi ya albamu za rock. Lebo inachukua albamu iliyotamba zamani, inaisafisha sauti, inachomekea demo kadhaa, shoo moja ya jukwaani, kitabu cha picha na vikorokoro, kisha inaiita toleo la maadhimisho. Miaka 25, miaka 30, miaka 40, miaka 50. Kila ikifika tarehe yenye sifuri, kiporo kinatolewa kwenye friji na kupashwa moto.

Na kiporo si tusi. Kila aliyelelewa kwenye nyumba ya Kiswahili anajua kuna maharage yanayonoga zaidi asubuhi ya pili kuliko usiku yalipopikwa. Swali ni nani kapasha, kaongeza nini, na kwa nini anadai bei ya pilau la harusi.

Kwanza ieleweke kwa nini biashara hii ipo. Pesa anayolipwa msanii mtu anaposikiliza wimbo mtandaoni ni ndogo mno, na mashabiki wa rock ya miaka ya 60 na 70 ni wazee sasa, wenye nyumba, pensheni na kumbukumbu. Mtu wa namna hiyo aliinunua albamu ile ile kwenye santuri akiwa shuleni, akainunua kwenye kaseti ili aisikilize garini, akainunua tena kwenye CD miaka ya 80, kisha CD iliyosafishwa sauti miaka ya 90. Lebo inajua anwani ya moyo wake. Boksi ni mara ya tano kumuuzia kitu kimoja, na anajua, na bado analipa.

Pia kuna mambo ya wanasheria ambayo shabiki haambiwi kwenye tangazo. Mwishoni mwa 2012 Sony walitoa Ulaya boksi la Bob Dylan la CD nne, nakala kama 100 tu, CD zenyewe za kuchoma kwenye kompyuta. Jina la kibiashara lilikuwa The 50th Anniversary Collection, lakini chini yake waliandika bila kificho kwamba ni mkusanyiko wa kurefusha hakimiliki. Sheria ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imeongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, ila rekodi iliyokaa kabatini miaka 50 bila kutolewa ilikuwa inapoteza ulinzi huo. Kwa hiyo zilitolewa nakala chache ili karatasi ziwe sawa. Angalau hao walikuwa wakweli kwenye kava.

Halafu kuna hawa wanaonunua katalogi nzima. Mwaka 2024 iliripotiwa kwamba Sony wamekubali kununua katalogi ya Queen kwa takriban pauni bilioni moja. Mtu aliyeweka pesa ya namna hiyo hawezi kuziacha nyimbo zilale. Zitatoka kwenye filamu, kwenye matangazo, kwenye fulana, na ndiyo, kwenye maboksi.

Na Queen ndio mfano unaowagusa wengi zaidi huku, kwa sababu inayojulikana. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Watalii hawaachi kupiga picha mlangoni pale Shangani. Kwa hiyo Queen walipotoa boksi la albamu yao ya kwanza Oktoba 2024, sasa ikiitwa Queen I, wapo vijana wa Dar, Unguja na Mombasa walioanza kupiga hesabu.

Kuna jamaa mmoja wa Dar, shabiki wa Queen wa kufa na kuzikana, aliyeagiza boksi hilo kupitia binamu yake aliyekuwa anarudi likizo kutoka London. Lilipofika, dada yake alilishika, akaligeuza, akauliza:

"Kaka, kwani hizi si zile zile unazotupigia kila Jumapili ukifua?"

"Hizi tofauti, dada. Zimemiksiwa upya."

"Kumiksiwa upya ndo nini? Wameongeza maneno?"

"Hapana. Ngoma zinasikika vizuri."

"Ngoma tu?"

Jamaa hakuwa na jibu la haraka. Mbaya zaidi, hakuwa na kitu cha kuchezea CD. Kompyuta mpakato yake haina tundu la CD, kama za wengi siku hizi. Ikabidi aombe funguo za gari la mjomba, lile la Kijapani lenye redio inayosalimia kwa Kijapani, akakaa humo ndani mchana wa jua kali akisikiliza CD sita. Santuri iliyokuja nayo imetundikwa ukutani, kwa sababu mashine ya santuri nayo ni bajeti nyingine.

Lakini swali la dada lilikuwa la maana kuliko alivyodhani, na jibu lake si jepesi. "Ngoma tu" kwenye albamu ile ni jambo kubwa.

Queen waliirekodi albamu yao ya kwanza kwenye studio za Trident, mtaa wa Soho, London. Wenye studio ndio walikuwa mameneja wao, na dili lilikuwa hivi: mnarekodi muda ambao wateja wanaolipa hawapo. Yaani usiku wa manane, au saa mbili tatu zikipatikana katikati. Chumba kilikuwa na namna yake ya kurekodi ngoma, sauti kavu, iliyobanwa, kama mtu anapiga maboksi ya karatasi. Vijana hawakuipenda, wakalalamika, lakini nani anamsikiliza msanii asiyejulikana? Albamu ikatoka Julai 1973 na ngoma zile zile kavu. Miaka 51 baadaye, Brian May na Roger Taylor wakiwa wazee wenye sauti ya mwisho, mafundi wao wakarudi kwenye tepu za awali na kuzipa ngoma mwili. Wimbo uliotupwa nje mwaka 1973, Mad the Swine, ukarudishwa mahali pake pa namba nne.

Huo si ujanja wa mfanyabiashara. Ni wasanii kumaliza kazi waliyozuiwa kuimaliza.

Na ndani ya boksi kuna kingine kizuri zaidi: demo za mwaka 1971 walizorekodi De Lane Lea, Wembley. Studio ilikuwa mpya na wenyewe walihitaji bendi yenye kelele ya kujaribia vyumba na vifaa. Queen wakajitolea kupiga kelele, malipo yao yakawa kurekodiwa bure. Mtoto yeyote wa mjini aliyewahi kumsaidia prodyuza kubeba spika ili apewe saa moja ya kuingiza vokali ataielewa hadithi hiyo bila kutafsiriwa. Kumsikia Freddie kwenye demo zile, kabla ya jina, kabla ya masharubu, kabla ya viwanja vya mpira kujaa, ni kitu ambacho albamu ya kawaida haikupi.

Sasa je, jamaa alipaswa kununua? Hapo ndipo penye utata, maana miksi mpya ya 2024 ipo mtandaoni. Kilichobaki kwenye boksi peke yake ni kitabu cha kurasa 108, santuri ya ukutani, na raha ya kushika. Pia kuna CD nzima ya nyimbo bila sauti ya Freddie, ambayo kwa mtu mwenye ujasiri ni karaoke ya bei kubwa kupita zote Kinondoni.

Boksi la Queen la The Miracle, lililotoka Novemba 2022, lina hoja nzito kidogo. Albamu ya asili ni ya 1989, wakati Freddie tayari anajua anaumwa. Ndani kuna CD ya vikao vya studio, si nyimbo tu bali maongezi katikati ya nyimbo: wanataniana, wanabishana, wanakosea, wanaanza upya. Kuna Face It Alone, wimbo ambao kwa miaka mingi wenyewe waliamini hauwezi kuokolewa. Na santuri yake imerudisha Too Much Love Will Kill You, uliokatwa dakika za mwisho mwaka 1989. Shabiki anayesikiliza vikao vile hanunui kiporo. Anakaa kwenye chumba kimoja na mtu aliyefariki Novemba 1991, anamsikia akicheka.

Ila hapo hapo kuna swali ambalo lebo hazipendi liulizwe. Je, Freddie angetaka asikike akikosea? Alikuwa mtu wa kujipanga, wa kutoka mbele za watu akiwa kamili. Marehemu hasaini mkataba wa boksi. Wanaosaini ni warithi, wenzake wa bendi na wenye katalogi, na kila mmoja ana sababu zake, nyingine za upendo, nyingine za benki. Watu wanaofungua diary ya mtu aliyekufa huwa wanaona haya kidogo. Kwenye muziki haya hiyo imepotea kabisa, na mashabiki nao wameipoteza bila kutambua.

Kuna msanii mmoja aliye hai aliyewahi kuvunja mwiko. Mwaka 2011 lebo ya Elvis Costello ilitangaza boksi lake la shoo za jukwaani, toleo la nakala chache zenye saini. Costello alipoona bei akaandika kwenye tovuti yake mwenyewe kwamba bei hiyo lazima iwe ama kosa la uchapaji ama mzaha. Akawaambia mashabiki wasinunue, kwamba vilivyomo vitauzwa kimoja kimoja baadaye kwa bei ya kibinadamu. Na kama mtu lazima ampe mwenzake zawadi ya boksi, akawaelekeza kwenye lile la Louis Armstrong, CD kumi, bei nafuu zaidi. Fikiria msanii anayetangaza biashara ya jirani ili kuwaepusha wateja wake wasiibiwe dukani kwake. Wangapi wangethubutu?

Upande wa pili wa Costello kuna vikorokoro. Boksi la Pink Floyd la The Dark Side of the Moon la mwaka 2011 lilikuja na skafu, vibao vya kuwekea glasi na gololi. Gololi! Zile za kuchezea mchangani. Mwaka huo huo U2 walitoa boksi kubwa la Achtung Baby likiwa na miwani ya plastiki kama ile aliyokuwa akivaa Bono jukwaani. Mtu mzima analipa mamia ya dola, anafungua, anavaa miwani, anajitazama kwenye kioo, anaivua. Basi. Kazi ya miwani imeisha.

Halafu Dark Side ikafikisha miaka 50 mwaka 2023, boksi jingine. Wengi walitegemea tepu za studio ambazo hazijawahi kusikika. Walichokuta ni albamu iliyosafishwa tena, kwenye CD na santuri, miksi za sauti ya kuzunguka kwa wenye mitambo ya sinema nyumbani, na shoo ya Wembley ya 1974. Shoo hiyo ilishatoka mwaka 2011 kwenye matoleo yale yale ya gololi. Hicho sasa ni kiporo cha kiporo, na mtu anayekinunua wakati la 2011 liko kabatini kwake ana haki ya kukasirika, ingawa hakuna aliyemshikia bunduki.

Kwa hiyo jibu la "yanafaa au hayafai" halipo kwa maboksi yote kwa pamoja, na wanaosema yote ni wizi wanakosea sawa na wale wanaonunua kila kitu kama wanajaza albamu ya stika. Kinachotenganisha ni kimoja: kuna kazi ambayo haikuwepo, au kuna ile ile na nguo mpya?

Mfano safi wa kazi ambayo haikuwepo ni Wildflowers ya Tom Petty. Alirekodi nyimbo 25 akitaka albamu mbili kwa pamoja. Lebo ikaona ndefu, ikatoka moja mwaka 1994 yenye nyimbo 15. Zilizobaki zilikaa. Petty alikuwa anataka kuzirudia, akafariki 2017, na boksi likatoka 2020 likiwa na zile kumi na demo za nyumbani kwake. Aliyekuwa anaipenda albamu ya 1994 aligundua kumbe miaka yote alikuwa anasoma nusu ya kitabu.

Bruce Springsteen naye Juni 2025 alimwaga Tracks II: albamu saba nzima alizozirekodi kati ya 1983 na 2018 akazifungia, nyimbo 83. Saba! Kuna wasanii wakubwa hawafikishi albamu saba maisha yao yote. Kwa kipimo cha "kuna kitu kipya?" hakuna boksi la miaka ya karibuni linaloshindana na hilo. Na wala hawakumfungia nje mwenye hela ndogo: nyimbo 20 zilitolewa kwenye toleo dogo la kawaida, na zote 83 zipo mtandaoni. Kwa kweli huyo mzee alistahili makofi.

Dylan sasa. Mwaka 2015 lilitoka boksi la CD 18, nakala 5,000 tu, dola 599.99, lenye kila kitu alichorekodi studio mwaka 1965 na 1966. Kila kitu maana yake kila kitu: wimbo ulioanza ukakatika, kikohozi, mtu anauliza tuanze wapi. Kwenye toleo dogo la CD sita kuna CD nzima ya wimbo mmoja, Like a Rolling Stone, mwanzo hadi mwisho. Ukiisikia habari hiyo unaona ni uchizi. Nani ana muda wa kusikiliza wimbo mmoja mara ishirini?

Lakini CD hiyo ndiyo pengine utetezi bora wa biashara hii yote. Wimbo unaanza kama waltz, mdundo wa tatu, unayumba kama mlevi. Siku ya kwanza haushikiki. Siku ya pili, Juni 16, 1965, wanaubadilisha mdundo, wanajaribu, na jaribio la nne linatoka lile ambalo dunia nzima inalijua. Hawajui kama wamelipata. Wanaendelea kujaribu mara nyingine na nyingine, na kila mara linakuwa baya zaidi. Lile la nne halikurudi tena. Kijana anayehangaika na FL Studio chumbani, anayefuta biti kumi kwa siku akidhani hana kipaji, angejifunza humo kitu ambacho hakuna mafunzo ya YouTube yanayomfundisha. Haitaji CD 18. Hiyo moja inamtosha.

The Beatles wao wana hoja ya teknolojia. Revolver ya 1966 ilirekodiwa kwenye mashine ya njia nne tu, kwa hiyo ngoma, besi na gitaa mara nyingi vilibanwa kwenye njia moja na havikuweza kutenganishwa. Ni kama kuambiwa utoe chumvi kwenye mchuzi. Mwaka 2022, kwa kutumia programu iliyotengenezwa na timu ya Peter Jackson walipokuwa wanatengeneza filamu ya Get Back, chumvi ikatoka. Giles Martin, mtoto wa prodyuza wao George Martin, akamiksi upya kila chombo kikiwa peke yake. Ndani ya boksi hilo pia kuna demo ya Yellow Submarine ambayo John Lennon anaiimba kwa huzuni, karibu kama mtu anayelia utoto wake. Ule wimbo wa watoto! Aliyeusikia hivyo hawezi kuusikia tena kama zamani.

Ila boksi bora kuliko yote haya halikutoka London wala California kwa wasanii wa California. Limetoka kwa bendi ya hapa jirani, Zambia.

Miaka ya 70 Zambia ilikuwa na rock yake, Zamrock, magitaa yenye vumbi na mdundo wa nyumbani. Bendi iliyoongoza iliitwa WITCH, kifupi cha We Intend To Cause Havoc, na mwimbaji wao Emanuel Chanda alijulikana kama Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger. Kisha bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukayumba, UKIMWI ukawamaliza wanamuziki wengi wa kizazi kile. Santuri zilizobaki zikawa adimu, zikiwindwa na wakusanyaji wa nje kwa bei za ajabu. Jagari mwenyewe akaishia kuchimba vito.

Mwaka 2012 lebo ya Now-Again ya Marekani ikakusanya kazi za WITCH kwenye boksi moja, CD nne au santuri sita. Hapo hakuna mtu aliyeuziwa mara ya tano. Kwa wengi, wakiwemo vijana wa Lusaka na Nairobi, ilikuwa mara ya kwanza kabisa kuzisikia. Jagari akarudi jukwaani, akapiga Ulaya na Marekani akiwa mzee, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango. Kuna boksi lililompa mtu maisha ya pili akiwa hai kuyafaidi.

Weka hilo mezani pamoja na kreti la vidoli, halafu uone aibu inaangukia wapi. Na aibu nyingine, ya huku huku: tepu za bendi za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zimekuwa zikikaa kwenye makabati miaka na miaka, wakati lebo moja ya Ufaransa imekuwa ikitoa mfululizo wa Zanzibara wenye taarab na dansi la zamani. Mtu wa Paris anaweza kununua CD yenye maelezo mazuri ya muziki wa babu yako. Wewe unaupata kwenye YouTube, umerekodiwa kutoka kwenye redio, katikati mtangazaji anasoma matangazo ya vifo. Siku mtu akitoa boksi la muziki ule, lenye kitabu cha Kiswahili na majina ya wapiga magitaa yote, hilo watu walipe hata kama lina gololi.

Kwa maboksi ya rock, anayewaka hamu asiangalie idadi ya CD. CD 18 zinaweza kuwa na saa moja ya maana. Aangalie orodha ya nyimbo na kuhesabu zile ambazo hazijawahi kutoka popote, kisha aende kwenye simu kuona ngapi kati ya hizo tayari zipo. Mara nyingi zipo zote. Spotify ilifika Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda mwaka 2021, na tangu hapo hoja ya "huwezi kuzipata" imebaki na nguvu kidogo sana. Mara nyingi kunakuwepo na toleo la CD mbili lenye kilicho bora, kwa sehemu ndogo ya bei. Lebo hazilitangazi sana hilo, na sababu inaeleweka.

Maneno "nakala chache" yasimtishe mtu. Baadhi ni kweli, kama boksi la Grateful Dead la Europe '72 lenye CD 73, seti 7,200, lililoisha ndani ya siku chache. Lakini mengi yanayoitwa adimu yanakuja kushushwa bei mwaka unaofuata, ama yanagawanywa na kuuzwa vipande kama Costello alivyosema. Anayenunua akidhani atauza baadaye kwa faida, ajue mnunuzi wake yuko Manchester au Ohio, si Kariakoo, na posta ina gharama zake kwenda na kurudi. Kuna VAT ya asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, na ada nyingine za kutoa mzigo. Boksi la kilo kadhaa halisamehewi kwa sababu lina Freddie ndani.

Mwenye hela yake na anayeipenda bendi kwa dhati, anunue, na asiombe radhi kwa mtu. Watu wanatumia milioni kwa viatu vya mchezaji ambaye hawajawahi kumwona uwanjani. Ila kabla ya kulipa kuna jaribio dogo la bure. Revolver ya zamani na miksi ya 2022 zote zipo mtandaoni. Avae earphone, apige Taxman ya zamani. Ngoma, besi na gitaa zote zimebanwa sikio la kushoto, kulia karibu patupu. Kisha apige ya 2022, ambapo vyombo vimetawanyika na ngoma ziko katikati. Kama nywele zimesimama, boksi linamfaa na atalipigia miaka. Kama hajaona tofauti yoyote, ameokoa pesa nyingi, na wimbo wenyewe unahusu mtoza kodi.